Kuondoa picha ya kukamatwa Marekani: uandikie tovuti, uende mahakamani, uombe Google au ulipe kampuni?

Katika jela nyingi za kaunti nchini Marekani, anayeingizwa ndani hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kabla hajamwona hakimu. Picha hiyo, pamoja na jina, umri, kosa analotuhumiwa na kiasi cha dhamana, huenda ikawa kwenye tovuti ya sherifu kabla ndugu zake hawajajua kwamba kashikwa. Zipo tovuti za biashara ambazo kazi yao ni kukomba orodha hizo kwa programu na kuzihifadhi. Kesi ikifutwa miezi michache baadaye, sherifu huenda akaliondoa jina kwenye orodha yake. Nakala zilizokombwa hubaki, na ndizo mwenye nyumba anazokutana nazo akiandika jina lako Google.

Njia za kujinasua ziko kama tano: kuiandikia tovuti yenyewe, kwenda mahakamani kufutiwa rekodi, kuomba Google, kuzibana kampuni zinazouza ripoti za watu, na kulipa kampuni inayodai itakusafishia jina. Hazilingani kwa bei, kwa muda, wala kwa kile zinachofuta. Msimamo wangu nausema mapema: ya mwisho iache. Ya pili ndiyo yenye mizizi, ila kama wewe si raia wa Marekani usiiguse kabla hujapata karatasi moja kutoka kwa karani wa mahakama, nitakayoieleza mbele.

Kwanza ujue iko wapi

Watu wengi huanza kuandika barua kabla hawajajua wanaandika kuhusu nini. Fungua dirisha la faragha kwenye simu, tafuta jina lako pamoja na jina la kaunti, kisha angalia upande wa picha. Jaribu majina yako kwa kila mpangilio. Mtu mwenye majina matatu ya Kiswahili au ya Kikongo huandikishwa jela jinsi askari wa zamu alivyosikia: jina la babu linakuwa la ukoo, la kwanza linakuwa la mwisho, "Mwamba" inageuka "Mwanba". Ukitafuta kwa tahajia sahihi peke yake utadhani uko salama.

Orodha rasmi nazo zinatofautiana. Tovuti ya sherifu huonyesha walioko jela ya kaunti, na baadhi huonyesha hata waliokwisha toka. VINE, huduma ya kuwaarifu waathirika wa uhalifu, hutaja aliko mtu na kama ameachiwa. Magereza ya serikali kuu yana ukurasa wao wa kutafuta wafungwa tangu 1982, bila picha. Idara ya uhamiaji, ICE, ina ukurasa wake unaotaka namba ya mgeni na nchi ya kuzaliwa, au jina kamili. Huu wa mwisho familia huuhitaji zaidi ya wote pale ndugu anapotoweka kwenye orodha ya kaunti: huenda amechukuliwa na ICE.

Kuna na rekodi ambayo umma hauioni, ile ya FBI. Kwa dola 18 na alama zako za vidole utapewa nakala yako mwenyewe. Kama wewe ni muuguzi au unaomba leseni yoyote ya jimbo, chukua hii kabla ya kitu kingine chochote. Bodi ya leseni haitazami Google. Inatazama alama za vidole.

Serikali kuu kwa muda mrefu haikuwa na desturi ya kugawa picha zake. Mwaka 2016 mahakama ya mzunguko wa sita, moja ya mahakama za rufaa za serikali kuu, iliamua kwamba picha za walioshikwa na maofisa wa serikali kuu zina faragha ya kulindwa, ikaupindua uamuzi wake wenyewe wa 1996. Kwa hiyo picha yako ikiwa imesambaa, uwezekano mkubwa ilitoka kaunti au mjini, na sheria utakayoitegemea ni ya jimbo.

Kuiandikia tovuti: inategemea jimbo

Hii ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote. Gharama yake ni ya posta tu. Nguvu yake inatoka kwenye sheria ya jimbo ulikokamatiwa, na hapa majimbo yamepishana sana.

Florida, ambako rekodi za serikali ziko wazi kiasi kwamba picha za kukamatwa zinapatikana kama magazeti ya jana, ndiyo yenye sheria kali kwa tovuti. Tangu Julai 2018, tovuti ambayo biashara yake ni kuchapisha picha hizi hairuhusiwi kudai pesa ili kuziondoa, na ikipokea ombi lako kwa barua ya rejista ina siku 10 kuitoa. Ikikaidi unaweza kuishtaki, na mahakama inaweza kuitoza dola 1,000 kwa kila siku. Kizuri ni kwamba sheria haikuulizi kesi iliishaje.

Georgia inakuuliza. Huko tovuti ina siku 30, bila malipo, lakini kwa wale ambao mashtaka yalifutwa, walioachiwa huru, au ambao rekodi zao zimezuiwa. Barua itaje jina, tarehe ya kukamatwa na chombo kilichokukamata, na uitume kwa njia inayorudisha risiti ya kupokelewa. Tangu 2014 Georgia pia imewakataza polisi kuweka picha hizo kwenye tovuti zao, na anayezitaka lazima atie sahihi kwamba hatazitumia kwa biashara ya kulipisha watu.

Texas ni tofauti tena. Tovuti inakatazwa kukulipisha, na ikijulishwa kwamba mahakama imefuta rekodi au imetoa amri ya kutoitangaza, haina ruhusa kuendelea kuichapisha. Faini ni hadi dola 500 kwa kosa. Maana yake ni kwamba Texas bila amri ya mahakama barua yako ni nyepesi. Unaweza kudai warekebishe lililo la uongo, basi.

California ilipiga marufuku malipo ya kuondoa picha tangu 2015. Kwa picha ambazo polisi wenyewe wameweka Facebook au X, sheria iliyoanza 2022 na kukazwa 2024 inawapa siku 14 kuziondoa. New York ilizuia mapema zaidi: tangu 2019 polisi wanaweza kukataa kutoa picha hizo kwa umma. Utah, tangu 2021, picha haitolewi hovyo kabla mtu hajapatikana na hatia.

Barua yenyewe iwe fupi. Taja kiungo kamili cha ukurasa, si jina la tovuti tu, kwa sababu picha moja huwa kwenye kurasa kadhaa. Taja kifungu cha sheria cha jimbo. Ambatisha nakala ya amri ya kufuta kesi kama unayo. Usieleze ulivyoonewa, usiombe radhi, wala usitishie. Na usiwatumie kitambulisho chenye namba nzima na anwani. Ziba kila kitu kisichohitajika, maana unawapelekea watu ambao kazi yao ni kuchapisha habari za watu. Kabla ya kutuma, piga skrinshoti ya ukurasa ikionyesha tarehe. Ikifika mahakamani, skrinshoti hiyo ndiyo shahidi.

Udhaifu wa njia hii unaonekana haraka. Tovuti nyingine haina anwani ya posta inayoeleweka, nyingine imesajiliwa nje ya Marekani, na hata ile inayotii huondoa nakala yake moja. Kaunti ikiendelea kuonyesha picha, mkombaji mwingine ataichukua wiki ijayo.

Mahakamani: ghali zaidi, na yenye mzizi

Kufutiwa rekodi na kufungiwa rekodi ni mambo mawili. Rekodi ikifutwa, vyombo vilivyoishika huamriwa kuiharibu au kuirudisha. Ikifungwa, inabaki kwenye kabati la serikali lakini umma hauioni, huku polisi na baadhi ya bodi za leseni wakiendelea kuiona. Texas, kwa mfano, kesi iliyofutwa kabisa inaweza kuombewa kufutiwa rekodi. Aliyekiri kosa na kuwekwa chini ya uangalizi bila kutangazwa mwenye hatia, akamaliza muda wake salama, kwa kawaida hupata amri ya kutoitangaza.

Bei inategemea kaunti na kama una wakili. Ada ya kufungua ombi peke yake mtu anaweza kuimudu, na asiyeweza huomba asamehewe. Wakili ndiye anayepandisha hesabu. Tovuti ya LawHelp.org huorodhesha msaada wa kisheria wa bure jimbo kwa jimbo, na mashirika hayo mara nyingi hufanya siku za kufuta rekodi kanisani au maktaba. Nenda. Ni mahali pachache ambapo wakili atakaa nawe bila saa kuhesabiwa.

Baadhi ya majimbo yameanza kufunga rekodi zenyewe, bila mtu kuomba. Pennsylvania ilitangulia 2018, Utah na Michigan zikafuata, sheria ya New York ikaanza Novemba 2024 na ya Minnesota Januari 2025. Usidhani mashine imekwisha kukufikia. Angalia.

Muda ni miezi. Lakini amri ikitoka, kila njia nyingine inapata meno: tovuti ya Texas haina kisingizio, kampuni ya ripoti haina kisingizio, na kaunti inaacha kuwa chemchemi.

Sasa ile karatasi.

Kwa asiye raia, kufutiwa rekodi na jimbo hakufuti kitu mbele ya uhamiaji. Sheria ya uhamiaji ya 1996 ina tafsiri yake ya kutiwa hatiani, na tangu 1999 bodi ya rufaa za uhamiaji imeshikilia kwamba hatia iliyofutwa na jimbo kwa sababu mtu amejirekebisha inabaki hatia. Yule wa Texas aliyekiri na kumaliza uangalizi wake, ambaye hakimu wa jimbo hakumtangaza mwenye hatia, mbele ya uhamiaji anahesabika kama aliyetiwa hatiani. Fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama rekodi imefutwa au kufungwa. Ukiandika hapana, uongo huo unaweza kukuponza kuliko kosa lenyewe.

Kisha afisa atakuambia ulete hati ya mahakama iliyothibitishwa inayoonyesha kesi iliishaje. Utaenda kwa karani, na karani atakujibu kwamba hana faili kama hilo, kwa sababu wewe mwenyewe uliomba liharibiwe. Ndiyo maana hati hiyo yenye muhuri unaichukua kwanza, nakala kadhaa, pamoja na ripoti ya polisi na hati ya mashtaka, unaziweka pamoja na pasipoti, halafu ndipo unafungua ombi la kufuta. Zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kukiri lolote. Wakili wa jinai peke yake hatoshi, hata akiwa hodari.

Google

Hapa watu huweka matumaini makubwa mno. Google haifuti ukurasa, inaacha kuuonyesha. Anayekijua kiungo ataufungua, na Bing, mtambo mwingine wa kutafuta, una utaratibu wake.

Kuna fomu mbili za kuzingatia. Moja ni ya tovuti zinazokutaka ulipe ili ziondoe habari zako: unaonyesha kwamba zinadai pesa, na Google inaweza kuziondoa kwenye matokeo ya jina lako. Piga skrinshoti ya ukurasa wa bei, ndio ushahidi. Ya pili ni ya maudhui yaliyopitwa na wakati: tovuti imeshaondoa picha lakini Google bado inaonyesha kivuli chake. Hii hufanya kazi vizuri na mara nyingi ndani ya siku chache, ila ukurasa uwe umekwisha kuondolewa kweli. Ukiituma mapema inarudi bila kitu.

Kwa hiyo Google ni hatua ya baada ya tovuti. Mwenye haraka, mwenye usaili wa kazi wiki ijayo, aanze na ile fomu ya kwanza wakati barua yake iko njiani.

Kampuni za ripoti, ambazo wengi husahau

Mwajiri mkubwa hategemei Google. Hununua ripoti. Anayeomba kuendesha Uber, kwa mfano, huchunguzwa kupitia kampuni ya Checkr. Hapa kuna sheria ya serikali kuu ya 1970, Fair Credit Reporting Act, inayomlinda mtu jimbo lolote alilopo, na kwa maoni yangu ndiyo silaha inayotumika kidogo kuliko inavyostahili. Kukamatwa ambako hakukuishia kwenye hatia hakupaswi kuonekana kwenye ripoti baada ya miaka 7, isipokuwa kwa kazi za mshahara wa dola 75,000 au zaidi. Mwajiri lazima apate idhini yako ya maandishi, na kabla ya kukunyima kazi kwa sababu ya ripoti lazima akupe nakala yake. Ukipinga kilichoandikwa, kampuni ina kama siku 30 kuchunguza upya, bure.

Jambo hili linawahusu sana wakimbizi wetu. Wakongo na Wasomali wengi waliopita kwenye makambi waliandikiwa tarehe ya kuzaliwa Januari mosi kwa kuwa hakukuwa na cheti. Weka jina la kawaida kama Hassan Mohamed au Jean Pierre pamoja na Januari mosi ya mwaka fulani, na utapata watu kadhaa katika jimbo moja ambao kompyuta inawaona kama mtu mmoja. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga jela ananyimwa kazi ya ghala kwa wizi wa mwingine. Huyu hahitaji mahakama wala Google. Anahitaji nakala ya ripoti, na pingamizi la maandishi likitaja tofauti zilizopo: jina la kati, anwani, urefu, na alama za vidole ikibidi.

Kulipa kampuni ya kusafisha jina

Mwaka 2018 mwanasheria mkuu wa California aliwashtaki watu wanne waliodaiwa kuwa nyuma ya Mugshots.com kwa unyang'anyi, utakatishaji wa fedha na wizi wa utambulisho. Kwa maelezo ya ofisi yake, watu wasiopungua 5,703 nchini kote walikuwa wamelipa zaidi ya dola milioni 2 katika miaka mitatu ili kuondolewa, na huko California watu wapatao 175 walilipa zaidi ya dola 64,000. Malipo yalipitia tovuti dada iliyojitambulisha kama ya kusaidia. Miaka mitano kabla yake, gazeti la New York Times lilipoandika kuhusu biashara hii, MasterCard, PayPal na wenzao walianza kuzikatia tovuti hizi huduma, na Google ikazishusha kwenye matokeo.

Biashara haikufa. Kampuni ya leo inayokuahidi kuondoa kila kitu ndani ya saa 72 kwa mamia ya dola mara nyingi inatuma ile ile barua ya bure, au inalipa tovuti kwa niaba yako, na kulipa kunatangaza sokoni kwamba jina lako lina mlipaji. Wapo wenye kufanya kazi kwa uaminifu, sikatai. Hata hao hawawezi kugusa rekodi ya mahakama, ya FBI wala ya uhamiaji. Kama una pesa za kuwapa, mpe wakili.

Magazeti, na blogu za nyumbani

Gazeti linalindwa na katiba ya Marekani, na sheria za Florida na Georgia hazikulengwa kwake. Mlango uliopo ni wa hisani: Cleveland.com tangu 2018 na Boston Globe tangu 2021 hupokea maombi ya watu wanaotaka habari za zamani za makosa madogo ziondolewe jina au ziangaliwe upya. Ombi ni bure na uamuzi ni wa wahariri. Barua ya hapa iwe na adabu na hati ya mahakama, tofauti na ile kavu ya tovuti.

Linalowauma wengi zaidi ni blogu ya Nairobi au ukurasa wa Facebook wa diaspora uliochukua picha na kuandika kichwa cha habari cha kukebehi, ukafika kwenye WhatsApp ya ukoo kabla ya dhamana kulipwa. Sheria ya Florida haifiki huko. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayokupa haki ya kuomba data zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe, na ofisi ya Kamishna wa Data hupokea malalamiko. Tanzania ina sheria yake ya taarifa binafsi ya 2022. Mwandishi anaweza kujitetea kwa uhuru wa habari, hivyo mwandikie kwanza ukiwa na hati inayoonyesha kesi ilifutwa. Wengi wao huchoka haraka kuliko tovuti za Marekani, kwa sababu hawapati kitu kwa kukaidi.

Basi uchague ipi

Kesi ilifutwa na wewe ni raia: fungua ombi mahakamani, na wakati linasubiri tuma barua kwa tovuti kama ulikamatiwa Florida au Georgia. Huna uraia: hati za karani kwanza, wakili wa uhamiaji pili, ombi la kufuta tatu. Ulipatikana na hatia: barua ya Florida bado inakufaa, kwingine uliza kama muda wa kufungiwa rekodi umefika. Umechanganywa na mtu mwingine: pinga ripoti, mengine yaache.

Na kesi ikiwa bado inaendelea, hakuna cha kufuta kwa sasa. Piga skrinshoti za kila ukurasa unaouona, andika viungo vyake kwenye daftari, na usiweke maelezo yako chini ya picha hiyo Facebook hata kama walioandika ni majirani. Mwendesha mashtaka naye anasoma.